Mfano Mwekundu Kutoka Nyanungu

Tangu nistaafu, majirani zangu hapa Turwa wananiletea simu zilizoingia maji na redio zisizoshika stesheni. Wanajua nilifanya kazi ya kompyuta, na kwao fundi ni fundi. Nimewarudishia simu zao zikiwa zimelowa vilevile. Kazi yangu haikuwa kutengeneza kitu. Ilikuwa kuuliza mfumo, kila asubuhi, kama bado unafanya yale tuliyokubaliana ufanye, na kutouamini unapojibu ndiyo haraka mno. Nyinyi mliobaki kwenye zile meza karibu na stendi ya Tarime mmeniuliza mara nyingi tabia hiyo niliipata wapi. Sasa nina muda wa kuwajibu, na hakuna wa kunikatisha kwa simu.

Niliingia pale nikiwa mtu mzima tayari, nikitoka kufundisha vijana kupiga chapa. Kampuni yetu ndogo ilikuwa imepewa kazi ya kujenga mfumo wa ushirika wa wafugaji wenye matawi katika wilaya za Tarime na Serengeti: kaya, ng'ombe, chanjo, josho, vibali vya mnada. Vijana wanaoandika programu walikaa Mwanza. Sisi wa Tarime tulikuwa wajaribu. Aliyenipokea ni Mzee Nyamhanga, mtu wa Mugumu, mpole wa sauti na mbishi wa kazi. Alinionyesha kiti, akanionyesha choo kilipo, kisha akanionyesha mifano, kwa mpangilio huohuo.

Mifano hiyo haikuandikwa na sisi. Kila tawi lilikuwa na ukurasa wake mtandaoni, na katibu wa tawi alikaa na wanachama wakaandika humo, kwa Kiswahili cha kila siku, mambo ambayo mfumo unapaswa kuyafanya. Mfano wa kwanza niliousoma ulikuwa hivi:

Ikiwa ng'ombe wa Mwita wamechanjwa,
Pale Mwita anapoomba kibali cha mnada,
Basi apewe kibali siku hiyohiyo.

Kompyuta yangu ilikuwa na anwani za kurasa hizo zote. Asubuhi ilizunguka anwani moja baada ya nyingine, ikapakua mifano, ikaujaribu mfumo kana kwamba yenyewe ndiyo Mwita mwenye ng'ombe, kisha ikanipa rangi. Kijani, mfumo umetii. Nyekundu, mfumo umekataa. Nilishangaa sana, na sioni aibu kusema kwamba sikuacha kushangaa hadi nastaafu. Mtu ametoka kukamua huko kijijini, ameandika sentensi yake, na sentensi hiyo inasafiri yenyewe mpaka mezani kwangu kuuliza swali.

Asubuhi yangu ya kwanza kuachiwa kompyuta peke yangu, kila kitu kilitoka kijani. Nikamwita Mzee Nyamhanga nikiwa nimejaa furaha. Yeye hata hakuitazama rangi.

"Imeendeshwa mifano mingapi?"

Nikasoma. Sifuri.

Bando la ofisi lilikuwa limeisha. Kwa kila anwani iliyoombwa, mtandao ulikuwa unaturudishia ukurasa uleule wa kampuni ya simu, wa kutukumbusha tununue jingine. Ukurasa ule hauna Ikiwa wala Basi, kwa hiyo kompyuta haikupata cha kujaribu, na kwa kuwa hakuna kilichofeli, ikatangaza mambo ni shwari. "Darasa lisilo na wanafunzi halina anayefeli," Mzee Nyamhanga alisema, akanituma dukani kununua bando. Ndiyo maana mpaka leo kompyuta yenu inakataa kutoa kijani kama haijapata angalau mfano mmoja kwa kila anwani. Msiiondoe kanuni hiyo hata mkiona inawachelewesha.

Mifano ilinifundisha watu kuliko ilivyonifundisha kompyuta. Tawi moja la Serengeti, lililo jirani na hifadhi, liliandika kuhusu ndama aliyeliwa na simba. Mfumo uliruhusu ng'ombe aondoke kwa njia tatu: kuuzwa, kufa au kuibiwa. Katibu wao alifikiri sana. Hakuuzwa. Kufa nako kulitaka mzoga, na mzoga haukuwepo. Akachagua kuibiwa, mfumo ukamtaka ataje mtuhumiwa. Akaandika Simba. Mfumo ukauliza jina la baba yake. Tulicheka ofisini hadi machozi, lakini Mzee Nyamhanga alikuwa wa kwanza kuacha kucheka. Alisema yule katibu hakukosea hata mahali pamoja, na kwamba tungeujua upungufu ule lini kama mfano ungeandikwa na sisi tunaoliwa kuku na vicheche?

Kwa sababu hiyo alikataa katakata kufunga zile kurasa ili makatibu wasizibadilishe bila idhini yetu. Mfano ni mali ya mwenye ng'ombe, alisema, sisi tunauazima asubuhi na kuurudisha. Alipostaafu na kurudi kwao kufuga nyuki, aliniachia kiti chake na onyo moja: nyekundu ikigeuka kijani na hakuna mtu anayejisifu, nimtafute aliyeipaka rangi.

Onyo hilo lilikuja kunifaa Nyanungu.

Katibu wa tawi la Nyanungu aliitwa Marwa, kijana mwenye mwandiko mzuri na hofu kubwa ya kuchekwa. Siku moja ukurasa wake ulileta mfano mpya:

Ikiwa Mama Ghati ni mkuu wa kaya,
na Robi ameolewa katika mji wa Mama Ghati,
Pale Mama Ghati anapoandikisha warithi wa mifugo,
Basi Robi na watoto wake wawe warithi.

Ukatoka mwekundu, na asubuhi iliyofuata mwekundu, na iliyofuata. Nikampigia Denis, kijana wa Mwanza aliyeandika sehemu ya kaya.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Umeona mfano wa Nyanungu?"

"Nimeuona. Mama, ule una kasoro. Mkuu wa kaya ni mwanamke, halafu ana mke. Mfumo unakataa, tena unakataa vizuri."

"Denis, kwenu wapi?"

"Ukerewe."

"Basi kaa chini nikueleze."

Nilimweleza jambo ambalo kwetu Wakurya mtoto hulijua bila kufundishwa. Mama asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe wa mahari, akaoa binti na kumleta nyumbani kwake. Watoto binti huyo atakaowazaa ni wa mji wa yule mama, na mji kwetu ni boma zima pamoja na waliomo. Ndoa hiyo tunaiita nyumba ntobhu. Wengine siku hizi wanaipinga, na wana sababu zao, lakini ng'ombe wakishatoka mbele ya watu, hakuna wa kusema Robi ni mgeni pale.

Denis alibaki na swali moja.

"Kwa hiyo baba wa watoto ni nani?"

"Watoto ni wa mji wa Mama Ghati. Hilo swali lako halimo kwenye mfano."

Alicheka, akaahidi kuliangalia. Wakati huo alikuwa na mambo ya chanjo yanayomkimbiza, nami nilimwelewa. Mfano ukaendelea kuwa mwekundu.

Kisha asubuhi moja ukawa kijani. Nikampigia Denis kumpongeza. Hakuwa amegusa chochote. Nikafungua ukurasa wa Nyanungu na kuusoma kwa macho yangu, jambo ambalo mjaribu mvivu haoni haja yake. Mstari wa kwanza sasa ulisema: Ikiwa Bwana Ghati, mwanaume, ni mkuu wa kaya.

Nilikaa nikiutazama mstari ule. Sikukasirika. Nilitaka tu kujua, na kutaka kujua kwangu ni kama kiu. Nani amembadilisha mwanamke mzima kuwa mwanaume, na kwa faida ya nani? Marwa hakupatikana kwa simu. Nikachukua bodaboda kwenda Nyanungu.

Nilimkuta Marwa kwenye ofisi ya tawi. Aliponiona alijua.

"Madam, mimi nilikataa," alisema kabla sijakaa. "Ni yeye mwenyewe aliniambia. Twende umsikie."

Mama Ghati alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba, miguu imevimba hadi magotini, pumzi fupi. Robi, mwanamke mrefu mwenye mikono ya kazi, alikuwa anamkanda. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza kama mimi ndiye ninayekaa na ile mashine.

"Ni mimi, Mama."

"Basi nilisikia mashine yako inataka mwanaume. Nikamwambia huyu Marwa, mpe mwanaume ishibe, ituache."

Robi hakucheka. Yeye ndiye aliyenieleza lililokuwa linawasumbua. Marwa alipowaandikisha mara ya kwanza, mfumo ulikataa Robi awe mke. Kwa kuwa ulilazimisha achague neno mojawapo kati ya yaliyokuwepo, Marwa alichagua mfanyakazi. Na Chacha, mdogo wa marehemu mume wa Mama Ghati, alikuwepo ofisini siku hiyo akaliona neno hilo kwenye kioo. Tangu hapo kila palipo na pombe alikuwa akitangaza kwamba shemeji yake akifa, ng'ombe wote ni wake, kwa sababu hata kompyuta ya ushirika inamjua Robi kama kibarua.

"Mimi nitaondoka," Mama Ghati alisema, akinyoosha kidole kwenye miguu yake. "Hii inapanda. Ikifika moyoni nimekwisha. Sasa huyu na watoto wataenda wapi? Warudi kwao na mahari nilishatoa? Nani amewahi kuona?"

"Lakini mfano umepita, Mama," Marwa alisema. "Ni kijani sasa."

"Mfano umepita," nikamjibu, "ila hebu muandikishe kweli, hapa hapa."

Marwa akatoa simu, akamwandika Ghati, mwanaume. Mfumo ukaomba namba ya kitambulisho cha taifa. Akaijaza. Ikarudi mara moja: taarifa hazilingani. Kitambulisho kilimjua Mama Ghati ni mwanamke, kama alivyojijua mwenyewe. Katika mfano hakukuwa na kitambulisho, ndiyo maana Bwana Ghati alipita bila kuulizwa. Tulikuwa na kijani kwenye kompyuta yangu na Robi bado ni kibarua kwenye daftari la kweli. Niliumia sana pale, nikimtazama Robi akiendelea kukanda ile miguu kana kwamba hatujasema lolote.

Nikamwomba Marwa aurudishe mfano kama ulivyokuwa. Akasita. Katika mikutano ya makatibu, tawi lenye nyekundu huchekwa, na yeye alikuwa amechekwa vya kutosha.

"Mura, rudisha," Mama Ghati alimwambia, kwa lile neno letu la kumwita kijana. "Nimechoka kuwa mwanaume. Sioni faida yake."

Akarudisha. Kesho yake nikampigia Denis nikamwambia sitamweleza tena, ila aje aone. Nilidhani atatoa udhuru. Alipanda basi kutoka Mwanza, akashuka Tarime akiwa na kompyuta mgongoni na viatu vyeupe ambavyo nilivionea huruma mapema.

Kule Nyanungu alimwamkia Mama Ghati kwa heshima, akakaa chini, akanywa uji aliopewa. Halafu akauliza alichotoka nacho Mwanza.

"Mama, naomba uniambie. Kwenye mfumo nikuandike wewe ni mume wa Robi?"

Nilifumba macho. Mama Ghati alimtazama kijana yule, kisha akacheka hadi akakohoa, Robi akampigapiga mgongoni.

"Mimi mume? Mume wa nani? Mura, mimi nilikuwa na mume, tukamzika pale." Akaonyesha upande wa migomba. "Mimi ni mwenye mji. Robi ni mke wa mji huu. Watoto ni wa mji huu. Huyo mume unamtafutia nini?"

Denis alifungua kompyuta, akaitazama kwa muda mrefu bila kuandika. Nilimwona akipata kitu, maana hata mimi nilikuwa nakipata wakati huohuo. Tulikuwa tumebishana muda wote huo kama mwanamke anaweza kukaa mahali pa mume, na wao hawakuwahi kusema anakaa hapo. Kumbe mfumo wetu ulikuwa unauliza jinsia ya mkuu wa kaya ili upate jibu la jambo ambalo jinsia haihusiki nalo. Ushirika ulihitaji kujua mambo mawili tu: mji ni wa nani, na waliomo wameingiaje, kwa kuzaliwa, kwa kuolewa au kwa kuajiriwa.

"Naondoa swali lote," Denis alisema polepole, kama mtu anayejaribu daraja kwa mguu mmoja. "Mwenye mji, basi."

"Basi," Mama Ghati alisema.

Hakumaliza siku ile, msije mkadhani mambo huwa hivyo. Kuondoa swali moja kulivunja mifano ya matawi mengine, kompyuta yangu ikawa nyekundu kama nyanya za sokoni, na Denis na mimi tukashinda kwenye simu tukirekebisha. Katika kazi hiyo tuligundua jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka natabasamu peke yangu. Tulipowauliza makatibu wengine, tulikuta mabwana kadhaa wakuu wa kaya ambao ukiwapigia simu wanapokea kwa sauti ya bibi. Wengine walikuwa nyumba ntobhu, wengine wajane tu ambao makatibu waliona njia fupi ni kuwageuza, wakati ule kitambulisho kilikuwa hakijaanza kudaiwa. Kila mmoja alikuwa ametoka kijani siku zote.

Tangu hapo tuliongeza kitu mnachokitumia kila asubuhi bila kujua kilikotoka. Kila mfano tunaoupakua tunauwekea alama, na ukibadilika hata nukta, kompyuta inatuambia kabla ya kuuendesha. Hatukuufunga. Katibu yuko huru kuubadilisha saa yoyote. Sisi tunachotaka ni kupiga simu na kumuuliza, kwa upole, kuna nini huko.

Mfumo mpya ulipowashwa, Marwa alimwandikisha Mama Ghati mbele yake, akamsomea kwa sauti. Mwenye mji, Ghati. Mke wa mji, Robi. Chini yake watoto, kwa majina. Marwa aliniambia mama yule alimtaka asome tena, halafu akaomba apelekwe ndani alale.

Alifariki msimu wa mvua. Nilikwenda kuhani, na tulipotoka matangani Marwa akaniomba tupite ofisini kwake nimwangalizie simu ya tawi iliyokuwa inazingua. Hatukukaa sana. Chacha aliingia na wazee wa ukoo, na nyuma yao Robi akiwa na kitambaa cheusi kichwani, amemshika mkono mtoto wake mdogo. Alikuwa ameambiwa aje asikie kwa masikio yake.

"Sisi hatukuja kugombana," Chacha alisema, akivuta kiti. Ni mtu mkubwa, mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa. "Mambo ya mdomo kila mtu ana lake. Fungua kompyuta, usome. Sisi hatubishani na kompyuta."

Marwa alinitazama. Nilijua kilichoandikwa. Akafungua. Akasoma kwa sauti yake ya mkutanoni: mwenye mji, marehemu Ghati, warithi wa mifugo, Robi, mke wa mji, ameingia kwa kuolewa, na watoto wake. Akasoma majina yao hadi la mwisho.

Wazee walitikisa vichwa kama watu wanaosomewa jambo wanalolijua. Chacha alisimama.

"Hiyo imebadilishwa! Mimi nililiona neno hapo kwa macho yangu. Mfanyakazi! Huyu Marwa na huyu mama wa mjini wamechezea. Nani alimuoa huyu? Ndoa yake iko wapi? Nani aliiona?"

Mimi nilifungua mdomo nieleze habari za mifano na anwani, nikaufunga, maana hapakuwa na mtu pale aliyekuwa akiuliza hilo.

Robi ndiye aliyesema. Hakupandisha sauti.

"Tata Chacha," alimwita, kama mtu anavyomwita baba. "Ng'ombe za mahari yangu zilipotoka hapa kwenda kwa baba yangu, nani alizichunga njiani?"

Chacha alimtazama, akawatazama wazee. Hakuna aliyemsaidia. Alikaa tena polepole kwenye kile kiti, akavua kofia.

"Ni mimi," akasema.